Walivyokuwa Wakiiachia Bastola

Mjomba ndiye aliyemlea binti huyu, ndiye aliyemfundisha karate hadi mkanda mweusi, na ndiye aliyembandika jina la Chuma. Kwa hiyo Jumanne, jambazi alipoingia duka la dawa alikoajiriwa Chuma na kumwelekezea bastola pale kaunta, kilichomuuma si fedha alizotoa. Kilichomuuma ni kwamba alisita. Mjomba alipopata habari akasonya. "Miaka sita nakufundisha kumnyang'anya mtu bastola, halafu unaganda? Siku nyingine usisite." Naye akaapa hatasita. Mtu amekulea tangu hujui kufunga kamba za viatu, sasa usipomwamini yeye utamwamini nani?

Jumamosi, katika ukumbi wa karate wa mjomba, alikuja mgeni, askari mstaafu, mama mnene mwenye utani mwingi, kuwaeleza wanafunzi habari za silaha. Akaanza na ya msingi: kila bastola ihesabu ina risasi, mdomo wake usimwelekee mtu, kidole kikae mbali na kifyatulio. Kisha akatoa bastola ya kuchezea iliyojaa maji mekundu.

"Nasikia humu mna bingwa. Njoo mwanangu, ninyang'anye."

Chuma akaja kifua mbele. Akadaka kifundo cha mkono wa yule mama, akapinda, kama alivyozoea. Bastola haikutoka. Yule mama alirudisha mkono kiunoni tu, akafyatua, na Chuma akalowa tumboni. Mara ya pili, kifuani. Kufikia mara ya tano alikuwa chapachapa.

"Mazoezini nani humshikia bastola huyu?" mama akauliza.

Kijana mmoja fundi baiskeli, mwenzake wa mazoezi wa miaka yote, akatazama chini. "Mimi. Lakini mwalimu, mjomba wake, alituambia Chuma akitugusa tu, tuiachie. Yeye peke yake. Eti wanafunzi wapya wanakuja kumwona yeye."

Chuma akamgeukia mjomba, akangoja akanushe. Haki ya Mungu, angekanusha, angemwamini yeye na kuyakataa macho yake mwenyewe. Mjomba akawa anakung'uta suruali isiyo na vumbi.

"Nilitaka ujiamini, Chuma," akasema hatimaye. "Na kwani kuna kilichoharibika? Si uko salama?"

Jambazi hakuwahi kumwambia Chuma kwamba anampenda. Huyu alimwambia kila siku.

"Niko salama kwa sababu nilisita, mjomba. Na wewe ukaniambia nisirudie."

Chuma akamgeukia yule mama, akainua mikono juu huku machozi yakimtoka, akamwomba amfundishe namna ya kumpa jambazi fedha bila kutetemeka, maana Jumatatu zamu ya kaunta ilikuwa yake.