Gitaa Aliloacha Mose Bila Uso

Urvish alikuwa ameuza misumeno na patasi mjini Keroka kwa zaidi ya miaka thelathini, lakini hakuwahi kukata ubao hata mmoja. Duka la vifaa vya ujenzi aliachiwa na baba yake. Ndugu zake walihamia Uingereza mmoja baada ya mwingine. Yeye alibaki, hakuoa, akawa anaishi peke yake juu ya duka.

Rafiki yake alikuwa Mose, seremala mwenye karakana nyuma ya duka hilo. Kila alasiri Mose aliingia na vumbi la mbao kwenye nyusi, wakanywa chai ya tangawizi na kubishana kuhusu mpira. Mwaka jana Mose alianza kuunda gitaa. Alilowesha mbao nyembamba, akazipinda juu ya bomba la moto mpaka zikapata kiuno.

"Nikimaliza utapiga wewe," alisema. "Vidole vyangu vimeshakuwa vigumu."

Urvish alicheka. Alikuwa amefundishwa wimbo mmoja tu wa gitaa shuleni, zamani.

Mwezi wa pili Mose alishikwa na nimonia, akalazwa, na hakurudi.

Baada ya mazishi, mjane wake Nyamusi, Mama Cynthia, alikuja kuondoa vifaa kwenye karakana. Kabla ya kuondoka aliingia dukani na kuweka juu ya kaunta kitu kilichofunikwa kwa gunia.

"Alikuwa anasema hii ni ya Urvish."

"Ni ya Mose, Mama Cynthia," Urvish alijibu.

"Yeye hayuko," alisema Nyamusi, akatoka.

Lilikuwa gitaa lenye mgongo, mbavu na shingo, lakini halina uso, ule ubao wa mbele. Lilionekana kama sinia lenye kiuno. Urvish alilisukuma chini ya kaunta. Kwa wiki nyingi hakuligusa. Alasiri ilipofika alipika chai kama kawaida, na mara kwa mara alijikuta amemimina vikombe viwili.

Kisha siku moja mvua ilinyesha na wateja wakakosekana. Akalitoa. Akachukua msumeno mdogo, msasa na gundi kutoka kwenye rafu zake mwenyewe, vitu alivyojua bei zake tu. Plaiwudi ya kwanza ilimeguka pembeni. Ya pili aliikata ndogo kuliko gitaa lenyewe. Ya tatu ilikubali. Akatoboa shimo la duara, akaubandika uso, na ulipokauka akafunga nyuzi.

Alipokaza uzi wa mwisho, uso ulibonyea taratibu, ukapasuka kwa mlio chini ya shimo. Urvish aligeuka kuelekea mlango wa nyuma ili amwite Mose aje aone kosa liko wapi. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akaketi juu ya mfuko wa saruji, akakaa hapo mpaka mteja alipokuja kuulizia bawaba.

Jumapili alikwenda kumtafuta Lavender, mwanamke anayepigia gitaa kwaya ya kanisa lililo karibu na stendi. Akamweleza kuwa anatengeneza gitaa, akamwomba ruhusa ya kuchungulia ndani ya lake. Lavender alimtazama kidogo, kisha akawasha tochi ya simu na kummulikia. Ndani, chini ya uso, Urvish aliona vijiti vyembamba vilivyobandikwa vikikingamana.

"Bila hivyo uso hauwezi kuhimili nyuzi," Lavender alisema. "Kwani unamtengenezea nani?"

Urvish alichungulia tena, akavihesabu vijiti. Akamshukuru, akarudi nyumbani.

Alibandua uso uliopasuka kwa kisu na maji ya moto, polepole, asije akaumiza mbao zilizopindwa na Mose. Akakata uso mwingine. Akachonga vijiti vya mbao za saiprasi, akavibandika kama alivyoona, akavibana mpaka gundi ikashika. Safari hii nyuzi zilikazwa zote na uso haukutikisika. Alipopiga, sauti ilitoka nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ikajaa dukani kati ya mabomba na misumari. Urvish alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu.

Alilipeleka Birongo, nyumbani kwa Mose. Alimkuta Nyamusi peke yake uani akichambua maharagwe. Cynthia, binti yake, alikuwa akifanya kazi Nakuru. Urvish aliketi kwenye kigoda, akapiga wimbo wake mmoja. Nyamusi aliacha maharagwe.

"Rudia."

Akarudia. Nyamusi alinyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye ubavu wa gitaa, akakiacha hapo wimbo ulipokuwa ukiendelea.

"Nimekuletea," Urvish alisema alipomaliza. "Ni kazi ya mikono yake."

"Hapana. Hapa hakuna mtu wa kupiga. Itakaa kwa ukuta ikinyamaza, na mimi nikiiangalia. Hiyo sitaweza."

Nyamusi alimsindikiza mpaka barabarani. Walipofika alisema, "Siku ukipata nafasi, kuja nayo tena."

"Nitakuja."

Jioni hiyo ndugu yake alipiga simu kutoka Uingereza kumjulia hali. Urvish alisema yu mzima na duka linaendelea. Alitaka kumweleza kuhusu gitaa, ila hakujua aanzie wapi, na ndugu yake alikuwa na haraka. Wakaagana. Akalipakata tena gitaa, akapiga wimbo ule ule mpaka ncha za vidole zikamuuma.