Mistari ya Sukumar

Boila la mvuke la kiwanda cha kutia nguo rangi pale Ashulia lilipasuka Jumanne asubuhi, likaua watu watatu, mmoja wao fundi Sukumar. Kufika Alhamisi kiwanda kilikuwa kimeshampata mwenye kosa: marehemu Sukumar. Ndivyo walivyofanya hata ghorofa moja la kiwanda hicho lilipoungua miaka tisa nyuma. Mlinzi aliyekufa ndiye aliyefunga mlango, wakasema. Maiti habishi.

Lakini Rowshan, mwandishi wa programu za mitambo, alijua pa kutazama. Kikomo cha presha ya boila kilikaa kwenye faili la mipangilio, na kila Sukumar alipobadilisha namba humo aliandika chini yake, baada ya alama ya reli (#), nani kaamuru. Mistari ya alama hiyo mtambo huiruka. Ni ya kusomwa na watu. Jumanne ileile Rowshan aliusoma mstari wa mwisho: "Saba imekuwa kumi kwa amri ya meneja Kibria. Nimekataa mara mbili."

Alhamisi hiyo Kibria akamjia mezani.

"Binti, hebu nirekebishie tarehe kwenye skrini ya boila, ile ya ofisini. Wakaguzi wanakuja, tusiaibike."

"Tarehe tu?"

"Tarehe tu. Kwani nimekuomba figo?"

Tarehe nayo ilikaa kwenye faili lilelile, akairekebisha kwa kiprogramu chake kidogo cha kusoma na kuandika mafaili ya mipangilio. Alikitunga miaka miwili nyuma, kwa siku tatu, Kibria akimsimamia kichwani: upesi, upesi. Kilisoma faili, kikashika yale tu mtambo unayoyataka, kikaliandika upya lote juu ya lile la zamani. Ya watu kilitupa. Alijua hivyo alipokitunga. Siku hiyo hakukumbuka, mpaka alipolifungua faili na kukuta namba tupu, safi kama sahani iliyorambwa. Nakala nyingine haikuwepo.

Kibria alijua? Watu wa aina yake hawana haja ya kujua. Siku zote yupo wa chini wa kuwafutia.

Jumamosi mkaguzi aliketi kiwandani na karani wake kusikiliza mashahidi. Basanti, mjane wa Sukumar, alikaa mbele na sari yake nyeupe.

"Huo mstari unaousema uko wapi?" mkaguzi alimuuliza Rowshan.

"Umefutika."

"Kafuta nani?"

"Mimi. Sikukusudia."

Kibria akacheka puani. "Mheshimiwa, anafuta mwenyewe, halafu anasingizia wakubwa!"

Karani aliandika: kafuta Rowshan. Hilo aliliandika haraka.

Basanti akamgeukia Rowshan. "Dada, wewe uliusoma kwa macho yako?"

"Niliusoma."

"Basi useme. Mume wangu hakuwa mzembe."

Rowshan akasimama, akausema neno kwa neno, na jina la Kibria ndani yake. Karani hakuinua kalamu. Akausema tena kwa sauti kubwa zaidi, na tena, mpaka walinzi wakamshika mikono, wakamtoa nje. Aliyekuwa akiurudia mle ndani sasa ni Basanti.