Soksi za Namba Arobaini na Saba

Jumanne ile, ndani ya kapu la nguo chafu, namba arobaini na saba alikuwa na jozi mbili za soksi. Yudelka ndiye aliyeliona jambo hilo kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akifua. Jozi moja ilikuwa kama soksi za warushaji mpira wote wa kambi: nyekundu kwa udongo wa kiwanjani, ngumu kwa jasho, ukiisimamisha sakafuni inasimama. Jozi ya pili ilikuwa na udongo uleule, lakini haikuwa na jasho. Aliichovya, udongo ukatoka, basi. Akainusa. Haikunuka kitu. Hakuna mvulana wa miaka kumi na sita ambaye soksi zake hazinuki kitu, na katika miaka minne ya kufulia kambi ile Yudelka alikuwa amenusa nyingi.

Akazianika zote, akaendelea na taulo.

Kambi ilikuwa nje ya mji wa San Pedro de Macorís, Jamhuri ya Dominika, katikati ya miwa, na ilikuwa mali ya klabu moja ya besiboli ya kaskazini, Marekani. Mashine ya kufulia ilikuwapo, ila ilikuwa ikisubiri mkanda kutoka Miami tangu mwaka juzi. Mkanda ulipokuwa njiani, kulikuwa na Yudelka.

Namba arobaini na saba alikuwa mdogo wake, Anyelo, ambaye kambini aliitwa Rainiel. Anyelo alikuwa na miaka kumi na tisa. Mrushaji ni kama samaki, bei yake ni ya asubuhi: akiwa na kumi na sita anaweza kusaini kwa dola laki tatu, akiwa na kumi na tisa, kwa mkono uleule, anapewa mkate wenye salami na soda, anaoneshwa geti. Rainiel alikuwa kitinda mimba wao. Alikufa kwa homa ya dengi akiwa na miaka mitatu, na kifo chake hakikuandikishwa, kwa kuwa siku ile karani alikuwa amekwenda kula, na siku ya pili yake mama yao, Eneida, hakuwa na nauli. Kwa hiyo serikalini Rainiel aliendelea kuishi vizuri, bila hata mafua, akiongeza mwaka kila Februari.

Wazo la kutumia cheti chake cha kuzaliwa lilikuwa la Quirico, dalali wa vipaji aliyewafundisha vijana wa mtaa kurusha na kuchukua arobaini kwa mia ya kila saini.

"Mtoto alioza, Mama, lakini cheti hakijaoza," alisema. "Dhambi ni kukiacha bure."

Mama Eneida akakitoa kwenye kopo la biskuti, mahali alipotunza vyeti vya nyumba nzima.

Yudelka aliacha shule darasa la tano, mwaka ule Quirico aliposema Anyelo ana mkono. Nyumba haikuweza kulisha mkono na daftari kwa pamoja. "Akisaini tu," Mama alimwambia, "siku ya pili yake wewe unaingia darasa la sita." Sasa Yudelka alikuwa na miaka ishirini na miwili, na mjini kulikuwa na shule ya watu wazima kila Jumamosi. Hakuwahi kumkumbusha mama yake. Alikuwa mtu wa haya. Hata dukani alisimama kando mpaka muuzaji amwulize yeye anataka nini. Lakini kusahau hakuwa amesahau, na siku ya kusaini ilikuwa imebaki wiki mbili.

Kulikuwa na jambo jingine alilolijua peke yake. Jezi ya Anyelo, mkono wa kulia, ilinuka dawa ya kuchulia farasi.

Alipokwenda kuanua, alimkuta kijana mrefu amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akizitazama soksi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Zako?"

"Nilizikuta kwenye kabati lenye jina langu."

Yudelka akamtazama vizuri. Kovu la kijiko cha moto lilikuwa bado kidevuni. "Umekua," akasema.

"Cheti kilikua, nami nikafuata." Rainiel akapokea soksi, akazikunja. "Sikutaka kusumbua mtu. Lakini kila asubuhi wanasoma majina, na langu limo. Mtu ataitwa mpaka lini bila kuitika?"

Yudelka aliona ana hoja. Akampa na taulo.

Anyelo hakufurahi. Walipewa kitanda kimoja, kwa kuwa jina lilikuwa moja.

"Wewe si ulikufa?"

"Nilikufa."

"Basi kufa kwa adabu, bwana. Wiki mbili tu zimebaki, unakuja kunijazia kitanda! Na mbona umenipita urefu?"

"Quirico aliandika futi sita na inchi tatu."

"Mshenzi yule. Alinipima na viatu."

"Mimi sikuambiwa habari ya viatu," alisema Rainiel.

Mpishi naye alikuja kulalamika kuwa namba arobaini na saba anapanga foleni mara mbili, lakini ilipoonekana kwamba wa pili hali, na sahani yake anamsogezea mwenzake pamoja na ukoko wote, malalamiko yakaisha. Kambini pale mtu anayekuachia ukoko haulizwi ametoka wapi.

Ijumaa ya wiki ya pili akaja Bwana Pruitt, mtu wa klabu, aliyekuwa na kipima mwendo, kofia, na Kihispania cha kutosha kutaja namba na kubishania bei. Akakaa nyuma ya wavu. Anyelo akapanda kilima cha kurushia. Mpira wa kwanza ulikwenda maili themanini na nane kwa saa. Wa pili themanini na saba. Wa tatu akaurusha, akakishika kiwiko kama mtu aliyeshika kuku asiruke.

"Faili linasema tisini na sita," alisema Bwana Pruitt.

"Leo kuna upepo, mzee," alisema Quirico.

"Upepo unatoka nyuma yake."

"Ndiyo huohuo."

Rainiel alikuwa amesimama kando akisubiri jina lake liitwe. Bwana Pruitt alilisoma tena kutoka kwenye faili, kwa hasira, naye akaitika. Akauchukua mpira mkononi mwa kaka yake, akarusha. Tisini na sita. Akarusha tena. Tisini na sita. Alirusha mipira thelathini, na yote ilikuwa tisini na sita, haikuzidi wala haikupungua, mpaka mdakaji akavua glovu akapuliza vidole. Wakampima urefu: futi sita, inchi tatu. Wakamweka kwenye mizani: pauni mia na tisini, ingawa alikuwa amevuka udongo uliomwagiliwa maji asiache unyayo.

Bwana Pruitt akavua kofia. "Miaka kumi na mmoja nipo nchi hii," alisema, "sijapata kuona mtoto anayefanana na faili lake."

Daktari wa kambi alimwekea kipimo kifuani, akasikiliza kwa muda, akaandika: *Mapigo: ametulia.*

"Ni marehemu," alisema Quirico haraka, asije akaambiwa baadaye kwamba alificha kitu.

"Tangu lini?"

"Tangu ana miaka mitatu."

Bwana Pruitt akaandika. "Anakula?"

"Hali."

"Kiwiko?"

"Kiwiko cha nini tena, mzee? Huyo ameshamaliza kuumia."

Bwana Pruitt alipiga simu kaskazini. Huko klabu ilikuwa na shida zake. Ilikuwa na mrushaji mmoja wa miaka thelathini na minane, kiwiko kimeshonwa mara mbili, ambaye mkataba wake ulimpa dola milioni thelathini na moja kwa mwaka, na ulikuwa umebakiza miaka minne. Alikuwa akiila hela hiyo benchini, pamoja na mbegu za alizeti. Kila mtu mwingine katika klabu alilipwa kwa kilichobaki. Kwa hiyo waliposikia kuna mkono usiougua, usiokula, usiohitaji bima, walifurahi, wakasema bei.

"Dola elfu kumi na mbili," alisema Bwana Pruitt alipokata simu.

"Elfu ngapi?" Quirico alishika kichwa. "Laki tatu tulisema!"

"Hiyo ni ya walio hai. Marehemu hawana kima chao."

"Ana mama, bwana! Marehemu huyu ana mama!"

"Wote wana mama," alisema Bwana Pruitt, akatoa kalamu.

Mkataba wa kijana aliye hai ulikuwa wa miaka saba. Wa Rainiel uliachwa wazi pale pa kumalizia, kwa kuwa mwanasheria hakuona ungeishia wapi. Mama Eneida aliletwa na bodaboda, akasaini kwa niaba ya mtoto. Alimshika Rainiel kidevu, akaligusa lile kovu, akamwambia avae sweta huko aendako.

Kisha Bwana Pruitt akamwona Anyelo, aliyekuwa bado amesimama kwenye kilima. "Na huyu mwingine ni nani?"

Quirico alimtazama Anyelo. Alikuwa amemfundisha tangu ana miaka tisa, alikuwa amemfunga kamba za viatu.

"Simfahamu," alisema. "Vijana wa kwenye miwa hawa, wote sura moja."

Mama Eneida aliinama akatafuta kitu kwenye mkoba. Yudelka alikuwa amesimama mlangoni na taulo mikononi. Akaanza kuzihesabu taulo, ingawa alijua ni arobaini. Anyelo alipewa mkate wenye salami na soda, akaoneshwa geti. Aliula mkate palepale, kwa kuwa njaa ilikuwa inauma.

Asubuhi ya safari, Rainiel alikwenda kwenye kamba za nguo kuaga.

"Dada, unakumbuka daftari lako? Nilikuchorea kuku."

"Mwalimu alinichapa."

"Alikuwa kuku mzuri." Akampa kibanio. "Nimesaini. Sasa wewe si unarudi shule?"

Yudelka alikaza kibanio kwenye soksi. "Nenda," alisema, "utaachwa na gari."

Quirico alichukua arobaini kwa mia yake. Kisha akaleta orodha ya mipira, viatu na mayai ya miaka kumi, na mwisho wa orodha hiyo ilibaki hela ya kuezekea nusu ya nyumba. Mama Eneida alichagua nusu ya mbele, inayoonekana barabarani. Shule alisema mwakani, Mungu akipenda.

Mwakani ukapita, na mwingine. Anyelo alibaki na cheti chake cha kweli, ambacho hakuna aliyekuwa na haja nacho, akawa anaendesha bodaboda kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukunyooka tena. Siku ya wafu, mama yake alipeleka kahawa na mkate mtamu kwenye kaburi la Rainiel kama desturi, lakini Rainiel alikuwa na mazoezi Florida. Kahawa ikapoa. Anyelo akakaa juu ya kaburi, akainywa isipotee. Mwaka uliofuata majirani waliokuwa na watu wao pale walimletea na yeye kikombe, na salamu za kuwafikishia wafu wao. Alizipokea zote. Hakuwaambia kwamba hajui pa kuzipeleka.

Dukani, kwenye televisheni, walimwona Rainiel akirusha siku tatu mfululizo, tisini na sita, tisini na sita. Watangazaji walimsifu kwa kutotoka jasho. Alilipwa kima cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na kila mwezi klabu ilituma kiasi nyumbani, baada ya Quirico kukata chake. Mara moja kamera iliwaonyesha benchini, yeye na yule mrushaji wa milioni thelathini na moja. Mzee alimpa mbegu za alizeti. Rainiel alizipokea kwa heshima, akakaa amezishika tu.

"Hata shukrani ya kutafuna hana," alisema muuza duka.

"Mwache," alisema Anyelo. "Yuko kazini."

Jumamosi moja, saa ya chakula, Quirico alifika na pikipiki mpya. Alikaribishwa wali na maharage, akakaa upande wenye bati.

"Soko limegeuka, Mama Eneida," alisema akiwa na wali mdomoni. "Walio hai sasa ni hasara. Wanakula, wanavunjika, wanaoa. Klabu tatu zimenipigia, zote zinataka kama yule wetu. Hebu fikiri vizuri. Huna mwingine aliyetangulia? Hata wa dada yako. Hata wa kuazima."

Mama Eneida alifuta mikono, akalishusha kopo la biskuti, akalifungua mezani. Akatoa cheti cha Rainiel, akatoa cha Anyelo, akaviweka sambamba. Alifikiri kwa moyo wake wote, kwa sababu nusu ya nyuma ilikuwa inavuja.

"Sina," alisema. "Nilizaa wawili tu."

Yudelka alikuwa jikoni, amewapa mgongo, akikwangua ukoko. Akaweka mwiko chini.

"Watatu, mama," alisema. "Cheti changu kiko chini kabisa ya kopo. Uliniambia darasa la sita."