Nasonga na Ndoo

Jumapili baada ya misa, Nobert huzima mashine ya kunyolea, hufagia nywele za wateja na kuzisukumia nyuma ya mlango, kisha huburuta benchi hadi katikati ya saluni yake pale Nyamwamba, mjini Kasese. Juu ya benchi huweka simu mbili na spika moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili isitapike betri zake. Hapo ndipo wapenzi wa nyimbo hukutana, nao si wengi. Kuna Nobert mwenyewe, kinyozi mwenye masikio makubwa, kwa umbo na kwa kazi. Kuna Anselme, Mkongo muuza vitenge, anayeamini kuwa hakuna wimbo hata mmoja uliowahi kutungwa upande huu wa mpaka. Na kuna Amoding, askari polisi wa kambini, ambaye huamrisha hata anapoomba chumvi.

Utaratibu wao ni mwepesi. Kila mmoja huleta wimbo anaoupenda, na wenzake huuvua nguo mpaka ijulikane ni mtoto wa nani: gita limetoka wapi, kiitikio kimekatwa kwenye wimbo gani, nani aliimba kwanza na nani amekopi. Zamani ubishi ulikuwa mrefu. Jumapili moja Amoding alimtia Anselme pingu kwa ajili ya tarumbeta.

Ubishi ulipata dawa siku Anselme alipowasha simu yake huku ya Nobert ikiwa bado inalia. Wimbo wa Nobert, uliokuwa umetamba mwaka mzima, ulishusha sauti, ukajikunyata, ukanyamaza. Anselme alipozima wake, ule mwingine uliendelea palepale ulipoachia. Walijaribu nyimbo nyingine, mambo yakawa yaleyale. Wimbo uliozaliwa na wimbo mwingine haupazi sauti mbele ya mzazi wake. Unaona haya, kama mkwe aliyekutana na mama mkwe kwenye kijia chembamba. Tangu hapo hawakuwa na cha kubishania, na Amoding alisema klabu imeanza kuchosha.

Habari ilienea kama habari nyingine za mjini. Wenye baa jirani walianza kuulizana kwanza nani anapiga nini. Kwaya moja ilikatika katikati ya utukufu kwa sababu mwenye boda alikuwa amesimama nje na wimbo wa Kikongo wa kusifu bia. Mchungaji alipoelezwa hakuuliza imekuwaje. Aliuliza ni nani mwingine anajua.

Ndipo Amoding akaleta "Ndoo".

Haikuwa lazima mtu aulete, maana kutoka Muhokya hadi Bwera hapakuwa na kibanda ambacho hakikuupiga. Aliyeutoa ni Baker, kijana wa palepale Kasese mwenye studio yake, anayejiita Mkate Moto. Yeye mwenyewe anasema-sema tu humo ndani, anajitaja jina, anataja gari ambalo bado hajanunua. Kinachoubeba wimbo ni kiitikio, sauti nyembamba kama ya panya aliyefurahi, ikirudia: nasonga na ndoo, nasonga na ndoo. Maana yake kila mtu alikuwa na yake. Wahubiri walisema ni ndoo ya baraka. Mgombea mmoja wa udiwani aligawa ndoo, watu wakazipokea na kumpigia kura mwingine.

"Hii iko na mama yake mahali," Amoding alisema. "Tafuta! Sasa hivi!"

Anselme alicheka mpaka akashika ukuta. "Ule mutoto anaharibu. Hiyo iko lingala, ndugu zangu. Ni wimbo ya zamani, baba yangu alikuwa nayo. Anasema nazongi na ndako. Ni kusema, nimerudi nyumbani. Sasa hii ndoo imetoka wapi? Bitu gani hii?"

Nobert hakucheka. Alijua ndoo imetoka wapi. Imetoka kwenye bomba la maji la Bwera, juu ya kichwa cha dada yake Olivia, ambaye utotoni aliusikia wimbo huo ukipigwa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, akaokota kile sikio lake liliweza kuokota, na tangu siku hiyo hakukubali kusahihishwa. Hata alipokuwa mtu mzima aliuimba hivyohivyo. Ukimwambia amekosea, alikujibu kwamba ya kwake ndiyo tamu, na kama hutaki, ukachote maji mwenyewe.

Alichukua simu ya Amoding akaupunguza wimbo mwendo. Panya akanenepa, akawa mwanamke. Alikuwa Olivia, pamoja na ile pumzi ya kicheko aliyokuwa akiivuta kabla ya neno ndoo. Nobert alikaa kwenye kiti cha wateja. Anselme, aliyekuwa bado na mdomo wazi, aliufunga.

Olivia alikufa mwaka uliopita, kwa malaria iliyompanda kichwani. Kabla ya hapo, mchana mmoja, alikwenda studio kwa Baker akaimbishwa kiitikio mpaka koo likakauka, akapewa soda moja na kuambiwa ataitwa. Hakuitwa. Aliyemwita baadaye ni Mungu, na huyo hana sifa ya kurudisha watu.

Simu yake iliuzwa wiki ileile ya msiba ili turubai lilipiwe, na sauti zake zote zilikuwa humo. Tangu hapo mama yao, Yudesi, alikuwa na shida moja tu ambayo aliisema bila kuzunguka, kwa majirani na kwa padri: uso wa mwanawe anaukumbuka, mwendo wake anaukumbuka, lakini sauti imemtoka. Anaitafuta kila usiku na haipati.

Kwa hiyo Nobert alifunga saluni siku ya kazi, jambo ambalo hata homa haikuwahi kumfanyisha, akapanda gari la Bwera na zawadi mfukoni.

Alimkuta mama yake uani akichambua maharagwe.

"Wasibire, mama," alimsalimu. "Nimekuletea Olivia."

Yudesi alifuta mikono kwenye kitenge, akasogeza kigoda. Nobert aliwasha simu. Ngoma zilianza, Baker akajitaja jina, na kilipofika kiitikio, pakawa kimya. Ngoma ziliendelea kulia zikiwa peke yake, zikizunguka mahali patupu. Nobert alirudia. Aliongeza sauti, akapunguza mwendo, akageuza simu kichwa chini. Aliondoka na simu mpaka ng'ambo ya mibuni ya jirani, mahali ambapo sikio la mama yake halifiki, na huko Olivia aliimba vizuri kabisa. Nobert aliporudi hatua chache, Olivia aliacha. Alimwachia jirani simu hiyo ampigie kutoka kule, na Yudesi akaweka simu nyingine sikioni. Alichosikia ni mbuzi wa jirani.

"Ni wewe, mama," Nobert alisema mwishowe. "Wewe ndiye mzazi. Mbele yako haiimbi."

Yudesi alifikiri kidogo. "Kumbe," alisema. "Mimi nikipita kwa mabaa, muziki inanyamaza. Nilijua wananionea huruma ya msiba. Nikasema hawa walevi beko na adabu." Aliangalia maharagwe yaliyobaki kwenye ungo. "Na nimewapelekea maharagwe."

Nobert alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Alifuta uso, akarudi Kasese, akamchukua Amoding akiwa na sare yake yote, wakaenda studio. Alikuwa na ombi moja. Kile kipande cha kwanza, sauti ya Olivia kabla haijakatwa na kuharakishwa, si nakala ya kitu chochote. Ni Olivia mwenyewe. Huenda kingekubali kuimba mbele ya mama.

Baker aliwapokea vizuri, akawapa viti. "Ile niliifuta," alisema. "Memori ilikuwa imejaa."

"Uliifuta ukaacha wimbo?" Nobert aliuliza.

"Wimbo ni kazi. Ile ingine ilikuwa mutu anaimba tu. Na kwanza, ile sauti ni ya kompyuta."

"Kompyuta gani inakunywa soda?" Amoding alifoka. "Simama nikikuongelesha!"

Baker alisimama, maana ndivyo mtu anavyofanya mbele ya Amoding, lakini kusimama hakukumbadilisha. Amoding alipeleka shauri kwa mkubwa wake. Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba hata kwake nyumbani nyimbo hunyamaziana, akasema hajui kosa hilo linaitwaje. "Lete mtu ameibiwa kitu naweza kubeba," alimwambia.

Mwezi uliofuata Mkate Moto alitangaza onyesho Bwera, kwenye uwanja ulio karibu na soko. Nobert alimpeleka mama yake. Alimbebea kiti cha plastiki akakiweka mbele kabisa, na Anselme akampa kitenge kipya, akisema cha bure, jambo lililomshtua kila aliyemjua. Yudesi alikaa, mikono mapajani, akangoja mwanawe.

Uwanja ulijaa. Baker alipiga nyimbo zake nyingine, zile ambazo watu hutumia kwenda kukojoa, kisha akafika kwenye "Ndoo". Ngoma ziliingia. Umati ulinyanyua mikono. Kiitikio hakikuja.

Fundi alipiga spika teke. Baker, ambaye si mjinga, alicheka na kugeuzia watu maikrofoni. "Imbeni nyinyi!" alipiga kelele. "Bwera, imbeni!"

Waliimba. Yaani midomo ilifunguka, shingo zikakaza, vifua vikapanda, uwanja mzima, akina mama wenye watoto mgongoni, vijana juu ya ukuta, askari wa zamu. Na haikutoka sauti hata ya mmoja wao. Jenereta ndiyo iliyosikika, na mbwa wawili huko sokoni. Watu walitazamana, midomo ikiwa bado wazi. Halafu wakaanza kutazama mbele, mahali kiti cha plastiki kilipokuwa, na kwa kuwa Bwera ni mji ambamo kila mtu alimzika Olivia, hawakuhitaji kuelezwa. Wanawake waliokuwa karibu walipiga magoti wakamsalimu Yudesi. Mzee mmoja alivua kofia.

Nobert alidhani yamekwisha. Alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya saluni, akimwangalia Baker, akingoja aseme jina la dada yake. Lilikuwa jina fupi tu, na maikrofoni ilikuwa mkononi mwake.

"Mama," Baker alisema, kwa sauti ya upole iliyofika mpaka barabarani, "tunakuheshimu sana, sana. Makofi kwa mama!" Watu walipiga makofi. "Sasa vijana wamsaidie mama afike nyumbani salama."

Walinzi wawili walikuja, wakainama kwa adabu, wakamnyanyua Yudesi na kiti chake. Walimpitisha katikati ya umati, na umati ulimpisha, wengine wakigusa kitenge chake alipopita. Nobert alikimbia nyuma yao akishika mguu mmoja wa kiti na kupayuka maneno ambayo hayaandikwi. Walimfikisha nje ya soko, wakampitisha vibanda vya viazi, wakaendelea mpaka kwenye kona ya mibuni. Hapo walimtua taratibu, na mmoja akatoa kwenye mkoba wa kampuni yao ya ulinzi soda moja, akaifungua, akampa.

Yudesi aliishika chupa bila kuinywa. Walinzi walipima umbali kwa macho, wakamwomba asogee kidogo tena, akasogea. Nobert, aliyekuwa amebaki nyuma akigombana na mwenye viazi aliyemzuia asirushe jiwe, ndiye aliyesikia. Uwanja ulilipuka. Waliimba kuliko walivyowahi kuimba, maana walikuwa wameshika pumzi muda mrefu, na sasa walijua ni sauti ya nani, na kujua huko kulizidisha utamu. Wale wanawake waliopiga magoti walikuwa wamesimama.

Onyesho lilisifiwa sana. Matangazo ya Mkate Moto sasa yana mstari mdogo chini, unaoomba kwa heshima zote mama wa ndoo apumzike nyumbani. Amoding hupangwa zamu ya kuhakikisha hatoki, naye huitimiza akiwa amenuna, halafu Jumapili huja saluni na kukataa kuchagua wimbo. Baker amenunua lile gari.

Nobert huenda Bwera kila anapoweza. Jioni mama yake huchukua ndoo na kwenda bombani, akipita mbele ya baa zote nne, na baa hunyamaza moja baada ya nyingine anapofika. Walevi humwamkia. Maharagwe hapeleki tena. Nobert humfuata kwa mbali, pale ambapo wimbo huamka mgongoni mwa mama, na akifika nyumbani huulizwa jambo lilelile.

"Imeimba?"

"Imeimba, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Jana Yudesi aliuliza tena. Alitua ndoo, akakaa kwenye kigoda, akataka kujua hayo maneno yenyewe, yale ya Wakongo, yanasema nini, maana miaka yote Olivia alikuwa anaimba takataka tu. Nobert hakuwa amemwambia. Alitazama chini.

"Yanasema, nimerudi nyumbani."

Yudesi aligeuka akatazama barabara. Huko baa iliyo karibu zaidi ilikuwa imenyamaza, ikimsubiri aingie ndani.

"Amerudi nyumbani na haniongeleshi," alisema. "Olivia! Huyu mutoto tangu azaliwe hakuninyamazia hata siku moja. Nikisema moja, anasema tatu. Hii heshima ameitoa wapi?"

Nobert aliisogeza ndoo karibu na mlango.

"Mimi sikumufundisha hivyo," Yudesi alisema. Aliinua ndoo yake, akaingia, akafunga mlango. Baada ya muda kidogo, huko barabarani kwenye baa, watu walianza kucheza.