Hatua za Mkono

Kwa siku sita simu ilimsingizia Lusia uvivu, na kwa siku sita aliibeba kiunoni, ndani ya pindo la kitenge, kama alivyoelekezwa.

Simu zililetwa na Martina, mtafiti kutoka Shinyanga mjini. Alitaka kujua watu wa vitongoji vya jirani na Katoro wanautumia mwili kiasi gani kwa siku, na kila simu ilihesabu hatua za aliyeibeba. Lusia ndiye aliyewashawishi wenzake wa mwaloni wazipokee. Hapo mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe ya mgodini, wanawake hugonga mawe ya dhahabu kwa nyundo, wameketi chini, miguu wameinyoosha, tangu asubuhi hadi jua lichwee.

Siku ya saba Martina akaja na ramani kwenye kishikwambi. Wachunga ng'ombe walikuwa kijani, rangi ya waliotembea sana. Hata Mabula, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kazi yake kubwa ni kuzunguka akiamkiwa, alikuwa kijani. Wanawake wa mwaloni walikuwa wekundu wote.

"Mama Mayala," Mabula akamwambia Lusia, "kumbe kule mnaendaga kupumzika?"

Martina akaeleza kwa upole kwamba Jumamosi atayasoma matokeo mkutanoni, na kundi jekundu litapangiwa mazoezi ya viungo. Lusia akahisi masikio yanawaka moto. Alimfikiria Monika, mwenzake wa mwaloni, ambaye kila jioni hukanda bega kwa maji ya moto. Wenzake walizibeba simu kwa kuuamini mdomo wake. Sasa simu hizohizo zingewaita wavivu mbele ya waume na wakwe zao.

Hakubishana. Kesho yake alichana kitenge vipande, akajifunga simu kwenye mkono wa kulia, ule wa nyundo, juu kidogo ya kiwiko, akawafunga na wenzake. Wakaketi chini, wakagonga kama siku zote.

Jumamosi Martina alifungua ramani mbele ya watu, akaisoma kwa sauti. Alhamisi peke yake Lusia alikuwa ametembea hatua elfu thelathini na nane, karibu afike Geita mjini kwa miguu, na hakuna aliyemwona akinyanyuka. Mabula akasema huo ni udanganyifu. Akamtaka Mama Mayala amwombe mgeni radhi hapohapo.

Lusia alikuwa amekuja na nyundo na jiwe lake. Akaviweka miguuni pa Martina, akamfunga simu mkononi.

"Shika, mwanangu. Gonga mpaka liwe unga."

Martina akaketi chini na sketi yake ya ofisini. Kufikia pigo la thelathini jasho lilimtiririka hadi kidevuni, na jiwe lilikuwa limevunjika vipande vitatu tu. Wanawake wakamcheka, kisha wakamletea maji. Alipopata pumzi alisema kosa ni lake: alipima miguu akadhani amepima watu. Akaifuta rangi nyekundu, akaongeza safu mpya, akaiita kazi ya mikono. Monika akapiga kigelegele.

Mabula hakuridhika. Alisema mgeni ni mgeni, na radhi bado inadaiwa.

Lusia akaokota nyundo yake, akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge.

"Radhi siombi, Mwenyekiti. Leo siombi, na kesho ukirudi utanikuta nimekaa palepale."