Meno ya Poldo

Jumatatu ya pili ya Juni, saa kumi na mbili asubuhi, Aling Ising alifungua mlango akatundike nguo, akakuta vipakiti vitupu vya kahawa kama mia mbili vimepangwa kizingitini, vimeoshwa na kukauka. Alivisogeza kwa mguu, akatundika nguo, akarudi kuvikusanya.

Wiki hiyo mtaa mzima wa Sapang Munti ulikuwa ukirudishiwa vyake. Madiwani walikuwa wamepitisha sheria ndogo kwamba taka ni mali ya aliyeifungua, na mfereji, ambao miaka yote haukuwahi kumtii diwani yeyote, safari hii ulitii. Kila alfajiri chupa za siki, mifuko ya sabuni ya unga na vipakiti vya shampuu vilipanda kutoka majini, kila kimoja kikaenda mlango wake. Bibi mmoja wa kona ya kanisa alirudishiwa mfuko wa maziwa ya mtoto aliyemzika miaka arobaini iliyopita. Aliutia kwenye pipa la buluu kama kipeperushi cha madiwani kilivyoelekeza.

Shida ilikuwa vipakiti. Kipakiti ni plastiki iliyogandanishwa na karatasi ya alumini, wala hakuna fundi wa kuvitenganisha, kwa hiyo hakikuwa na pipa. Kipeperushi kilisema kirudi kwa mwenyewe. Na kwa nyumba zilizo ukingoni mwa mfereji kulikuwa na kifungu cha ziada: atakayekutwa na zaidi ya gunia moja la taka zake zisizo na pipa ataondolewa, apelekwe Montelupo, mlimani, mwendo wa saa tatu kwa lori. Nyumba ya Aling Ising ilikuwa ukingoni kabisa. Yeye na marehemu mumewe, Poldo, waliijenga kwa mbao za kuokota, na dirisha lake la nyuma linatazama mahali ambapo Poldo alisimama majini miaka kumi na mmoja, ameajiriwa na ofisi ya mtaa, akizoa taka za watu. Maji hayohayo ndiyo yaliyompa homa ya mgunda, iletwayo na mkojo wa panya. Alikufa siku ya tisa.

Kufikia Ijumaa gunia la kwanza lilikuwa limejaa na la pili limefika nusu. Rodel, mgambo wa mtaa, alikuja na fomu yake. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza la Poldo, na kwa hiyo alivua kofia kabla ya kuuliza.

"Hivi ni vya nani, mama?"

Aling Ising alichukua kimoja akakitazama kona. Kule kila mtu hufungua kipakiti kwa meno. Mkasi ni wa fundi cherehani. Poldo alikuwa na pengo mbele, jino aliloacha kwenye mfuniko wa chuma wa mfereji, na kila alipong'ata, katikati ya kona palibaki kijilimi kidogo cha plastiki ambacho meno hayakukifikia. Kijilimi kilikuwapo, na kipakiti chenyewe bado kilikuwa na joto.

"Vya mume wangu," alisema.

Rodel aliteremsha kalamu. "Mama Ising, nakuomba. Weng hapo jirani kakana hata vya mwanawe, na jina la mtoto limeandikwa kwa wino juu yake. Na wewe sema huvijui. Naandika 'havina mwenyewe', naenda zangu kunywa chai."

"Miaka thelathini na mmoja nimemwona aking'ata hivi. Leo nimkane mlangoni pake?"

"Kafa, mama. Maiti hajui kama kakanwa."

"Mimi nitajua."

Rodel aliinua tena kalamu. Akaandika jina la Poldo, na chini yake, kwenye nafasi ya mrithi, akaandika la mkewe.

Jumatatu iliyofuata Aling Ising alikwenda ofisi ya mtaa kukata rufaa asiondolewe. Ukutani palikuwa na picha ya Poldo na cheti chake cha mfanyakazi bora, akitabasamu kwa mdomo uliofumbwa. Mwenyekiti wa mtaa alimpa kiti na maji, akamsikiliza bila kumkatiza. Hakuwa mtu mbaya. Aling Ising akasema kwamba mumewe alizoa mfereji huo mpaka ukamuua, na kwamba yeye siku zote angenunua kahawa ya kupimiwa kwa kijiko kama angeona pa kuinunua. Kisha akauliza kiwanda kule juu ya mfereji, kinachotengeneza vipakiti vyote hivi, kimerudishiwa vingapi.

"Tulikwenda kukagua," mwenyekiti alisema. "Geti lao safi, hakuna hata kimoja."

"Inakuwaje?"

"Sheria inasema aliyefungua, mama. Wao hawajafungua hata kimoja. Kazi yao kufunga tu."

Aling Ising aliona kwamba jibu limekamilika. Alimaliza maji yake, akashukuru, akaondoka.

Kuanzia hapo akawa anaamka mapema zaidi. Vipakiti vilikuja kwa mpangilio wa miaka, na aliyezoea kusoma meno ya mume aliweza kuzisoma asubuhi zake. Hiki kilichong'atwa kwa haraka ni cha siku ya harusi ya binti yao. Hivi vilivyochanwa ovyo ni vya mwezi wa mafuriko, alipokuwa akilala masaa mawili. Hakulia. Kilio kilikuwa kimekwisha mwaka wa kwanza wa msiba. Aliona aibu tu kwamba alikuwa anangojea kupambazuke, na kwamba kukiwa na mvua aliogopa visije.

Lori la Montelupo lilifika Jumamosi ya mwisho ya Julai. Asubuhi hiyo kizingitini palikuwa na kipakiti kimoja tu, na kona yake ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Kilikuwa cha wodini. Meno ya Poldo yalikuwa yakigongana kwa homa, mkewe akaazima mkasi kwa muuguzi akamfungulia, na kahawa ikapoa bila kunywewa. Hicho hakukitia guniani. Alikitia mfukoni mwa gauni, wala Rodel, aliyekiona, hakukiandika.

Kanuni ilitaka taka zisafiri na mwenyewe. Magunia yalikuwa kumi na manne, lori lilikuwa dogo, kwa hiyo kitanda kikabaki.

Chumba cha Montelupo kilikuwa na sakafu ya saruji na bomba lisilotoa maji. Asubuhi ya kwanza aliteremka hadi kwenye kibanda cha duka, akauliza kama kuna kahawa ya kupimiwa kwa kijiko. Mwenye duka alimwambia kahawa ni hii, akamwonyesha vipakiti vinavyoning'inia kwa mstari mlangoni. Aling Ising alinunua kimoja. Akaomba mkasi, hapakuwa na mkasi, akang'ata.

Kesho yake alipofungua mlango alikikuta kipakiti chake kizingitini, kimeoshwa na kukauka. Kona ilikuwa imekatika sawasawa, bila kijilimi.