Gitaa la Mfenesi Sebuleni kwa Kontrakta

“Usiunyooshee kidole ukuta wangu, jirani. Ukuta una kosa gani?” Kontrakta alisema, kijiti cha meno kikicheza mdomoni.

“Nani kaulaumu ukuta? Namlaumu aliyeujenga mimi nimelazwa hospitali,” alijibu Mama Nyuzi, fundi magitaa, kutoka upande wake. “Narudi nakuta kiwanja kimepungua, nyumba yako imenenepa, na mfenesi wa marehemu baba uko chini.”

“Na gogo si nilikuachia? Ningekuwa na roho mbaya ningelichoma mkaa.”

Hilo lilikuwa kweli, na hapo ndipo Kontrakta alipojikwaa. Huwezi kumkatia mti fundi magitaa, kisha ukamwachia gogo, ukategemea mti huo unyamaze.

Mtaa mzima ulimjua Mama Nyuzi kwa magitaa ya mninga. Mfenesi hakuna aliyeuwazia. Watu waliupendea matunda, mbao zake zikaishia kwenye vigoda vya jikoni. Lakini alipolipasua lile gogo lilitoka njano kama kiini cha yai, na kadiri mbao zilivyokaa dirishani zikakolea, zikawa asali, kisha chai ya rangi. Akaunda gitaa, na ubavu wake ulijikunja kwenye bomba la moto la kupindia mbao bila kinyongo. Mninga una besi ya kujaza kifua. Mfenesi haukuwa na makuu hayo. Sauti yake ilikuja karibu, kavu kidogo, yenye ucheshi, kama shoga anayekupa umbea huku amekushika kiwiko. Aliyelisikia gitaa lile mara moja alivuta kiti.

Lilikuwa na tabia moja tu. Likitolewa nje ya geti, linakuwa bubu. Nyuzi zinatikisika, vidole vinapita, sauti hamna. Likirudishwa ndani, linaendelea na wimbo pale lilipoukatiza. Wateja hawakuona ajabu. Mmoja alisema hata mkwewe yuko hivyo hivyo, ugenini hafungui mdomo.

Mama Nyuzi alilielewa mapema. Gitaa lilikuwa linaimba penye ardhi ya baba yake, basi. Na yeye ardhi hiyo aliitaka, maana tangu ukuta usimame karakana yake ilikuwa imebanwa hadi akawa anapigia randa barazani, mvua ikija anakimbia na mbao kifuani kama mtoto mchanga.

“Basi tupime,” alisema, gitaa mkononi.

Kontrakta akafungua mlango. Hakuwa mtu wa kufukuza wageni. Nusu ya mtaa ikaingia nyuma yao.

Uani kwa Kontrakta, gitaa liliimba. Jikoni liliimba, masufuria yakaitikia. Sebuleni lilipita televisheni likiimba, likapita sofa, likaizunguka meza ya chakula, na lilipoikaribia kabati ya vyombo likanyamaza. Mama Nyuzi akarudi hatua moja, wimbo ukarudi. Akasogea mbele, kimya. Fundi cherehani akatoa chaki yake, akapiga mstari sakafuni.

“Kumbe hata meza iko kwako,” alimwambia Mama Nyuzi.

“Na sofa,” akaongeza muuza maji.

Kontrakta aliomba arudiwe. Akasikiliza amefumba macho, mkono shavuni, mpaka kijiti kikamwanguka.

“Gitaa halina uongo,” alisema. “Mpaka ulikuwa hapa.”

“Kwa hiyo?” aliuliza Mama Nyuzi.

“Kwa hiyo ukuta umeshakauka.”

Watu wakatikisa vichwa kukubali, kwani ulikuwa umekauka kweli. Kisha wakalirudia gitaa. Wengine walisifu mistari ya mbao mgongoni, jinsi ilivyokwenda kama nywele zilizochanwa. Wengine wakasema rangi ile imependana na mapazia. Mama Nyuzi alikuwa na maneno yake tayari, makali, ya siku nyingi. Lakini sauti ilikuwa imekaa vizuri mle ndani kuliko karakanani, na vidole vyake, ambavyo havikuwa na ugomvi na mtu, vikaanza wimbo mwingine. Akausikiliza mpaka mwisho kama vile anapigiwa na mtu.

Mke wa Kontrakta alipita na kitambaa, akafuta chaki, maana sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi. Akapanga sahani, akahesabu kwa macho, akaongeza moja. Kisha akavuta kiti.

“Shoga, mbona umesimama kama mgeni?” alisema. “Karibu, kaa, tule.”